Kuku wa Mahege na Udaktari Wangu

Barua mbili zilinifikia wiki moja, na zote zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, kwa hiyo zilipofika nyumbani kwetu Kibiti zilikuwa zimeshasomwa na mwalimu mkuu, na mke wa mwalimu mkuu, na mtu wa tatu ambaye, kwa alama za vidole alizoacha, alikuwa akila samaki wa kukaanga huku akisoma. Mimi nilikuwa wa nne kuzijua habari zangu mwenyewe. Nilifoka kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kufoka, halafu nikakaa kwenye mkeka nikazisoma.

Ya kwanza ilitoka chuo cha hapahapa nchini. Ilinipa nafasi ya kusoma shahada ya pili ya sayansi ya lishe kwa miaka miwili, na utafiti wangu ungehusu uji wanaopewa watoto wadogo wanapoanza kuachishwa ziwa. Uji. Niliisoma mara mbili nikitafuta kama kuna jambo lingine zaidi ya uji, sikuliona.

Ya pili ilitoka Ulaya, kwa profesa ambaye niliwahi kumfanyia kazi. Alinipa nafasi ya kuiruka shahada ya pili na kwenda moja kwa moja kwenye udaktari, miaka mitano, katika mji ambao yeye mwenyewe alinisimulia kwamba kuna miezi watu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Utafiti ungeendeleza ule tulioufanya pamoja kijijini Mahege. Baada ya wiki tatu angepita Ikwiriri akitokea kusini, angelala nyumba ya wageni siku moja, na alitaka jibu alisikie kutoka mdomoni mwangu.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angechagua ya pili. Mimi nilikwisha kuichagua kabla sijafika kwenye saini. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na mbawa mbili. Udaktari wote ule ulisimama juu ya kuku, na kuku yule nilikuwa namfahamu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko limefunguliwa, na Kibiti yote imegeuka kuwa ya wafanyabiashara. Vibanda vilijaa mitumba, sabuni za rangi, betri na mafuta ya kupikia ya kopo, na watu walizoea kukipima kila kitu kwa swali moja: hiki kina faida gani? Barua zangu nazo zilipimwa hivyohivyo. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa na kibanda cha mitumba ya suruali, alikuja jioni ile ile. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo mtu wa kupita asingejua nani anamshauri nani.

"Mjomba," alisema, "huo udaktari wa Ulaya, utachoma sindano?"

"Hapana, mjomba. Ni udaktari wa kusoma. Wa lishe."

"Lishe ndiyo nini?"

"Mambo ya chakula."

"Chakula kinaumwa?"

"Hakiumwi."

"Haya. Mtu akija hapa anashika tumbo, analia, na wewe ndiye daktari, utamfanyaje?"

Nilifikiri. "Nitamwambia aende zahanati."

"Hata mie nitamwambia aende zahanati," alisema mjomba, "na sijakaa kwenye barafu miaka mitano."

Mama alikuwa pembeni anamimina mkate wake wa mchele kwenye sufuria. Alikuwa akiuza mikate ya kumimina pale barabarani mabasi yanaposimama, na alikuwa mwanamke wa maneno machache. Lakini kesho yake asubuhi nilipompelekea kuni nikasikia mteja anamsalimia, "Shikamoo mama daktari," na mama anaitikia, "Marahaba," bila kushtuka hata kidogo, kama aliyeitwa hivyo tangu azaliwe. Vipande vya mkate siku ile vilikuwa vikubwa kuliko kawaida. Kufika siku ya tatu wateja wote walikuwa wamelijua jina hilo na faida yake.

Kwa hiyo udaktari haukuwa wangu peke yangu tena. Sasa nieleze habari za kuku.

Miaka miwili kabla ya barua zile nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, niko nyumbani, sina kazi, nakula mkate wa mama na kuukosoa. Ndipo profesa alipokuja wilayani kutafuta msaidizi mwenyeji, anayejua mazungumzo ya huku na Kindengereko kidogo, na asiyelalamika akitembea kwenye mchanga. Viwili vya kwanza nilikuwa navyo. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kitabuni, safi mno, na watu walipokisikia walikaa vizuri kana kwamba taarifa ya habari imeanza.

Swali lake lilikuwa zuri, na nasema hivyo bila kejeli. Alitaka kujua, tangu soko lifunguliwe, nani anakula vizuri zaidi: aliye karibu na barabara, anayefikiwa na wachuuzi, au aliye ndani kabisa, mbali na magari? Akachagua Mahege. Kila siku tungeshika njia moja ya kuingia kijijini na kupita nyumba nne, kuanzia ya barabarani kwenda ndani. Tungefika mchana chakula kikitengwa, tukipime kwenye mizani ya jikoni, tuandike, tuhamie nyumba inayofuata. Wiki mbili, basi.

Kosa lilifanyika kabla hatujagusa mizani. Wiki moja nyuma mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba wageni wanakuja kupima chakula. Mimi ni mtoto wa huku, nilipaswa kumzuia. Mwanamke gani wa Mahege atakubali mgeni afunue chungu chake, tena na mizani mkononi, akute mihogo ya kuchemsha na kisamvu kisicho na nazi? Kwetu mgeni anapoingia saa za chakula, anachokikuta ndilo jina la nyumba hiyo mpaka siku ya kufa. Wanawake wakakutana kisimani, wakapanga. Walifanya tu kile wanachokifanya siku zote kwenye harusi na misiba: waliazimana.

Nyumba ya kwanza siku ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu. Hakuwa amezaliwa tumbo moja na baba, lakini baba zao walikuwa ndugu, na kwa hesabu za ukoo huyo ni shangazi na hakuna cha kujadili. Alitutengea wali wa nazi, na pembeni kuku wa nazi ndani ya bakuli jeupe la bati lenye maua ya buluu, lililobanduka rangi ukingoni sehemu moja. Tukapima. Profesa akaandika. Shangazi akasema, "Haya, karibuni."

Profesa tumbo lilikuwa limemwendesha tangu alipofika, baada ya kunywa madafu matatu mfululizo kwa furaha. Aliweka mkono kifuani, akamshukuru shangazi kwa sentensi ndefu yenye viambishi vyote, kisha akaninong'oneza, "Tafadhali kula wewe kwa niaba yetu sote." Fomu yake ilikuwa na safu nyingi: ya wali, ya kitoweo, ya mboga, ya mafuta, ya baba, ya mama, ya watoto. Haikuwa na safu ya mgeni. Nikachukua paja.

Nyumba ya pili walitusalimu kwa kirefu. Habari za nyumbani, za safari, za Kibiti, za wazee, za mama na mikate yake, za mvua, za korosho. Profesa aliitikia zote. Ndipo chakula kikatengwa, na pembeni ya wali kukawa na kuku wa nazi ndani ya bakuli jeupe lenye maua ya buluu, lililobanduka ukingoni. Nikaliangalia bakuli. Nikamwangalia kuku. Alikuwa na paja moja.

Nilielewa papo hapo, na nikaelewa pia zile salamu zilikuwa za nini. Wakati sisi tunaulizwa habari za korosho uani mbele, bakuli lilikuwa linapita uani nyuma, katikati ya makuti, kwa miguu ya haraka. Ningeweza kusema. Lakini kumfunulia mgeni kwamba nyumba hii haina kuku wake, mbele ya mwenye nyumba, ndani ya uwanja wake, ni kumvua nguo. Hatukulelewa hivyo. Tena mwenye nyumba alikuwa ananitazama usoni, ananisubiri. Nikasema, "Mashallah, chakula kizuri." Tukapima. Akasema, "Karibuni." Nikachukua paja la pili.

Nyumba ya tatu nikala kidari. Nyumba ya nne nikala kipande cha mgongo chenye mafuta, kwa sababu kukataa nyumba ya nne baada ya kula tatu kungekuwa ugomvi.

Kesho yake kuku alikuwa wa mtu mwingine, lakini bakuli lilikuwa lile lile, na tumbo lilikuwa langu. Ikawa hivyo wiki mbili. Profesa hakuwa mjinga, tena alikuwa na macho. Siku ya tatu aliona kwamba kila nyumba ina bakuli la maua ya buluu, akafurahi, akaandika kwamba soko huria limefikisha bidhaa za aina moja hadi vijijini. Siku ya nne aliona yote yamebanduka mahali pamoja. Alikaa akafikiri, akasema bila shaka ni kasoro ya kiwandani. Mimi nilikuwa nalamba vidole, sikuwa na la kuongeza.

Aliporudi kwao akatengeneza grafu, akanitumia nakala. Ilikuwa na mstari mmoja, unaanzia juu barabarani na kushuka taratibu hadi nyumba ya nne. Kadiri nyumba inavyokuwa mbali na barabara, ndivyo kitoweo kinavyopungua, siku zote, njia zote, bila kukosea. Aliandika kwamba katika maisha yake ya kazi hajawahi kupata mstari ulionyooka namna ile, na kwamba wenzake aliowaonyesha waliupigia makofi. Akauita mteremko wa Mahege. Tena kulikuwa na fumbo juu yake. Siku ya mwisho tulipima uzito wa watoto wa nyumba zote, na watoto walikuwa wembamba sawasawa, wa barabarani na wa ndani. Imekuwaje watoto wa nyumba yenye kuku mwingi wawe wembamba sawa na wa nyumba yenye kuku mchache? Kulijibu swali hilo ndiko kungekuwa udaktari wangu.

Nilikuwa na jibu la nusu ya kwanza. Mteremko ule ulikuwa tumboni mwangu.

Siku chache baada ya barua, nililala na kuamka na hesabu hii: nikinyamaza, nitakuwa daktari, mama ataitwa mama daktari kwa haki, na miaka mitano nitakula mkate mgumu nikitafuta sababu za jambo ambalo halikutokea. Nikisema, naupoteza udaktari, na juu ya hapo nawaumbua wanawake walionikirimu, shangazi yangu akiwa wa kwanza. Mbaya zaidi, nilijijua. Nilipenda kunyamaza. Nilishapiga picha yangu kichwani nimevaa koti refu, watu wa Kibiti wanasema, yule pale, daktari. Hapo niliona kwamba nikiachiwa mwenyewe nitakwenda Ulaya kabla ya magharibi, nikaamua niende Mahege kwanza, nimwombe shangazi ruhusa.

Nilifika saa tatu asubuhi bila taarifa. Shangazi alikuwa uani anaanika makopa, vile vipande vya mihogo mikavu, juu ya jamvi kuukuu. Bakuli la maua ya buluu lilikuwa pale karibu naye, limejaa maji ya kuku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo huna mizani?"

"Sina."

"Basi kaa chini, utakula mihogo."

Nilimweleza yote. Grafu, makofi ya Ulaya, udaktari, mama na jina lake jipya. Alisikiliza huku anageuza makopa. Nilipofika kwenye bakuli nikaanza kubabaika, naye akanikatiza.

"Tulijua kama umejua."

"Mlijuaje?"

"Hee! Nyumba ya pili ulilikodolea macho bakuli hadi mwenyewe akataka kuzirai. Kisha ukasema mashallah, ukala. Nilipoletewa habari nikasema, huyu ni wa kwetu, katusitiri."

Nikamuuliza kama nikimwambia mzungu, wao wataona nimewavua nguo. Aligeuza makopa matatu, manne.

"Atatucheka?"

"Hatacheka. Labda atalia."

"Basi mwambie," alisema shangazi. "Sie tulitaka tu asiseme kaja Mahege hakukirimiwa. Kakirimiwa, yamekwisha. Ila umwambie kuku wa siku ya kwanza alikuwa wangu mie. Asije akadhani ni wa yule wa nyumba ya nne. Yule tangu nimfahamu hajafuga hata kifaranga."

Nikacheka, mzigo umenitoka. Ningeinuka wakati ule ningerudi Kibiti na furaha yangu nzima. Lakini mjukuu wake wa kike, wa miaka minne hivi, alitoka ndani akaja kukaa karibu yetu, akachukua kipande cha muhogo, akakitafuna huku ananitazama. Mikono yake ilikuwa myembamba. Nilikumbuka kwamba nilimpima siku ile ya mwisho, na ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu mwenye shahada ya lishe alipaswa kuligundua siku ya kwanza. Wiki mbili nzima, saa za chakula, sikuwahi kumwona mtoto hata mmoja.

"Shangazi, siku zile watoto walikuwa wapi?"

"Tuliwapeleka bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, na mmoja wetu wa kuwaangalia. Mtoto akimwona kuku atalia, atatutia aibu mbele ya wageni."

"Wakirudi wanakula?"

"Wanakula."

"Kuku?"

"Nyumba ya nne mkishatoka, bakuli linakwenda barazani kwa wanaume. Wanaume nao wamengojea, wanasikia harufu tangu asubuhi. Watoto walipata mchuzi na wali."

"Mchuzi tu?"

Shangazi alinitazama kwa upole, bila chuki hata chembe. "Nyama nzuri si ulikula wewe, mwanangu? Na ulikuwa unakula vizuri. Tulifurahi."

Niliona aibu. Sina neno lingine la kuweka hapo, wala sikulitafuta. Niliona aibu ya mapaja, ya vidari, ya migongo yenye mafuta, nyumba nne kwa siku, wiki mbili, na fomu yetu yenye safu ya watoto ambayo tuliijaza kwa kugawanya uzito wa bakuli kwa idadi ya watu wa nyumba, kana kwamba kila mmoja alipata fungu lake. Fumbo la profesa lilikuwa limekaa hapo mbele yangu linatafuna muhogo. Shangazi aliniongezea mihogo, nami nilikula kwa sababu nisingeweza kukataa, lakini haikupita vizuri.

Siku ya profesa nilikwenda Ikwiriri. Nyumba yake ya wageni ilitazama stendi, na nje wapiga debe walikuwa wanang'ang'ania abiria na magunia ya ufuta. Alinikaribisha kwa furaha, akaniagizia soda, akafungua mkoba akatoa fomu za chuo chake, zimekwisha kupigwa mhuri, zimebaki saini yangu tu. Niliziona. Niliziangalia kwa muda, nikiri hivyo.

"Profesa," nilisema, "wale kuku wa Mahege walikuwa mmoja."

"Wa aina moja?"

"Mmoja. Kila siku alikuwa mmoja. Alikuwa anatutangulia."

Nikamweleza kuhusu salamu, ua wa makuti na bakuli. Alisikiliza, soda yake ikapoteza mapovu. Nilitegemea angekasirika au angelia kama nilivyomwahidi shangazi. Yeye alichukua penseli.

"Ulikula vipande vingapi kwa siku?"

"Vinne."

"Vikubwa?"

Niliinamisha macho. "Vikubwa."

"Ulianza na paja?"

"Siku zote."

Akaitoa grafu yake, akaandika uzito wa paja, uzito wa kidari, mfupa na mchuzi wake, akapunguza kimoja kimoja, kisha akachora mstari mpya kwa penseli juu ya ule wa zamani. Mstari ulikaa juu ya mwenzake hadi mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akautazama.

"Mteremko ni wewe," alisema.

"Ndiyo, profesa."

"Na bakuli?"

"La shangazi. Si kasoro ya kiwandani."

Nje basi lilipiga honi mara nyingi bila kuondoka. Hatimaye akaniuliza kwa nini nilinyamaza miaka miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya sitara na desturi, na yalikuwa ya kweli, lakini nikasema pia lile lingine. "Nilitaka udaktari," nikasema. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua ugonjwa wenyewe. Akasema atawaandikia wenzake wote, mmoja mmoja, kuwaambia. Nafasi ile, akasema, ilitolewa kwa ajili ya mteremko, na mteremko haupo tena, kwa hiyo na nafasi haipo. Akazirudisha fomu mkobani. Nilimheshimu wakati ule kuliko siku zote za kupima, lakini sitadanganya, njia nzima ya kurudi Kibiti nililia, na dirisha la basi lilikuwa halifungi, kwa hiyo nilifika nyumbani na uso wenye matope.

Kumwambia mama ndiko kulikoniuma zaidi. Alikuwa anakata mkate. Nilimweleza kwa kifupi, nikamwambia hatakuwa mama daktari, na sababu ni mimi. Hakuacha kukata. Alipomaliza akaninyooshea kipande, cha ukubwa wa kawaida.

"Hao watoto," alisema, "walipewa mchuzi tu?"

"Mchuzi tu, mama."

"Basi kasome huo uji."

Mjomba alikuja jioni kutoa rambirambi. Alikaa, akavuta pumzi, akaniuliza, "Hiyo ya uji, utachoma sindano?"

"Hapana, mjomba."

"Basi ni ile ile," alisema, "ila haina barafu." Na akaenda zake ameridhika.

Nikasoma uji. Ulipofika wakati wa utafiti niliomba Mahege, nikamsihi mwenyekiti asitangaze neno. Nilikwenda asubuhi na mapema, peke yangu, na fomu niliyoichora mwenyewe kwa rula. Nyumba ya kwanza nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa amempakata mjukuu wake mdogo zaidi, anayeanza kuachishwa ziwa, na mbele yao kulikuwa na uji wa unga wa muhogo, mweupe, mwepesi, hauna nazi wala karanga, ndani ya bakuli la maua ya buluu. Aliponiona alitaka kuufunika kwa kawa. Nikamshika mkono, akaniacha.

Niliupima. Nikaandika. Shangazi akasema, kama inavyompasa, "Haya, karibu."

"Atangulie mtoto," nikasema.

Alinitazama, kisha akampa mtoto. Mtoto alikunywa taratibu, anapumzika, anatutazama mmoja baada ya mwingine, anakunywa tena. Mimi nilikuwa nimekaa na kijiko changu mkononi, mgeni mwenye adabu, nangoja zamu yangu. Hakubakiza kitu. Alipomaliza alilamba ukingo, pale pale palipobanduka, akataka mwingine, na mwingine haukuwapo.

"Leo umekosa, mwanangu," alisema shangazi.

Fomu yangu ilikuwa na safu moja ya ziada, ya mwisho kulia, ya mgeni. Nikaandika sifuri.